Wingu la Al-Jabbari na Ushahidi wa Kamera



Mwezi wa Disemba 2024, baada ya darsa ya Jumamosi usiku hapa Mombasa, kijana mmoja miongoni mwa wanafunzi wetu, ambaye riziki yake iko huko juu Nyeri, alitutolea picha kubwa iliyochapwa kwa rangi, akaomba iingizwe katika gazeti letu hili. Ilikuwa picha ya wingu jekundu kama punje za komamanga, lenye mabawa mawili yaliyokunjuka, na katikati yake weupe wa kutia kiwi macho. Akasema kuwa wingu hilo liko mbinguni, chini ya mshipi wa nyota za Al-Jabbari, kuwa alilipiga picha yeye mwenyewe kutoka Endarasha, na kuwa ndani yake nyota mpya zinaumbwa hivi sasa tulivyokaa.

Sisi tulikataa, wala hatukukataa kwa upole. Tulimwambia mbele ya watu wapatao thelathini: "Rangi hii ni ya dukani. Nyota hizo tumezitazama tangu utotoni, wala hatukuona humo wekundu." Wazee wakacheka. Kijana akaikunja picha yake, akasema: "Sheikh, sikutia rangi. Nimeikusanya." Kisha akakaa kimya.

Usiku ule hatukulala vyema. Kwani kumwita mtu mwongo mbele ya watu ni kutoa ushahidi, na mwenye kutoa ushahidi huulizwa: Je, umeona? Je, umejua? Sisi hatukuona wala hatukujua. Dalili yetu yote ilikuwa jicho letu tu, na jicho hilo halijafika mbali zaidi ya paa la nyumba yetu. Yafuatayo ni khabari ya namna tulivyolitafutia suala hili jibu lake, na yale tuliyojifunza njiani.

Al-Jabbari ni kundi la nyota ambalo Waarabu wa kale waliliita pia Al-Jauza, na Wazungu huliita Orion. Haliwezi kumpotea mtu: nyota tatu zilizopangwa mstari mmoja ndizo mshipi wake, juu kuna bega na chini kuna mguu. Majina ya nyota hizo Wazungu waliyachukua kwetu na wangali wanayatumia. Rigel ni Rijl, yaani mguu. Alnitak ni An-Nitaq, na Mintaka ni Al-Mintaqa, yote mawili yakiwa na maana ya mshipi. Ama ile nyota nyekundu ya begani, asili yake ni Yad al-Jauza, mkono wa Al-Jauza. Lakini mwandishi mmoja wa zama za kati aliisoma herufi ya ya kuwa ni ba, kwa ajili ya nukta moja tu, na tangu hapo ulimwengu mzima huiita Betelgeuse. Tumelitaja hili si kwa kuchekesha. Nukta moja aliyokosea mnukuzi mmoja imedumu kwa karne nyingi, na msomaji atayaona manufaa yake mbele.

Chini ya mshipi huning'inia upanga, nao ni nyota chache hafifu. Ile ya katikati, ukiitazama vyema, si nyota kamili bali ina ukungu. Huo ndio wingu lenyewe. Waarabu wa leo huliita sadimu, na Wazungu huliita nebula. Abdur-Rahman As-Sufi, aliyeandika kitabu chake cha picha za nyota mwaka 964, na aliyezipima nyota kwa jicho lake badala ya kumfuata Batlimusi kwa kila neno, alilitaja wingu dogo lililoko katika kundi la Andromeda. Lakini hili la Al-Jabbari hakuliandika. La ajabu ni kuwa lilikuwa mbele ya macho yake kila mwaka. Lilikuja kutambuliwa kwa darubini mwaka 1610, na aliyelitambua ni Mfaransa, Peiresc.

Sasa ni kitu gani? Ni hewa, na sehemu yake kubwa ni haidrojeni, iliyotapakaa katika uwanja ambao mwanga, uendao kilomita 300,000 kwa sekunde moja, huchukua zaidi ya miaka ishirini kuuvuka kutoka upande hata upande. Ndani yake zimo nyota changa, na nne zilizo katikati ni kali mno. Iliyo kubwa kuliko zote ina joto la usoni lipatalo digrii 39,000, hali jua letu halifiki 6,000. Nyota hiyo hutoa miale iliyo ng'ambo ya urujuani, ambayo jicho la binadamu haliioni. Miale hiyo ikiipiga atomu ya haidrojeni huing'oa elektroni yake. Na elektroni irudipo mahali pake hutoa mwanga, na mwanga huo aghlabu ni mwekundu, wa namna moja maalumu isiyobadilika. Kwa hivyo wingu hili halirudishi mwanga wa mwingine kama mwezi urudishavyo mwanga wa jua. Lang'aa lenyewe, mfano wa zile taa za mirija za kwenye maduka, ambazo ndani yake hakuna utambi wala waya uwakao, bali hewa tu iliyotiwa nguvu.

Ushahidi wa kuwa ni hewa haukupatikana kwa kukisia. Mwaka 1864 Mwingereza William Huggins aliupitisha mwanga wa wingu jingine la namna hii katika mche wa kioo, nao badala ya kutandaza rangi zote za upinde wa mvua ukatoa mistari michache tu, nayo ni alama ya hewa ing'aayo. Wingu la Al-Jabbari nalo likaonekana kuwa vivyo hivyo. Mmoja wa mistari hiyo, wa kijani, haukufanana na kitu chochote kijulikanacho duniani, basi watu wakazua jina la kitu kipya kisichokuwapo. Ilichukua hata mwaka 1927 kwa Mmarekani Ira Bowen kubainisha kuwa ni oksijeni hii hii tunayoivuta, ila katika hali ya wepesi usiopatikana ardhini.

Na picha je? Kabla ya kamera, wachunguzi walikuwa wakiketi darubinini na kalamu, kila mmoja akilichora wingu kama alivyoliona. Michoro ikahitilafiana. Huyu ametia bawa ambalo yule hana. Na watu wakabishana: je, wingu limegeuka, au ni mkono wa mchoraji? Hapakuwa na njia ya kukata shauri. Tarehe 30 Septemba 1880, Henry Draper, aliyesomea utabibu, alilipiga picha wingu la Al-Jabbari kutoka nyumbani kwake Hastings-on-Hudson nchini Marekani, kamera ikiwa wazi dakika 51, nayo ndiyo picha ya kwanza ya wingu lolote la nyota. Mwaka 1883 Andrew Common, huko Ealing karibu na London, akapiga nyingine kwa kioo cha upana wa inchi 36, na katika picha hiyo zikatokea nyota ambazo hakuna jicho lililokuwa limeziona hata ndani ya darubini. Hapo ndipo ilipodhihiri kuwa kamera hukusanya. Jicho hupokea mwanga kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha huutupa na kupokea mwingine. Bamba la kamera huuweka wa kwanza, likauongeza wa pili juu yake, na wa tatu, hata kisichoonekana kikaonekana.

Tuliposoma hayo ndipo lile neno la kijana, "Nimeikusanya," lilipotuchoma. Tukampelekea ujumbe kuwa tunakuja.

Tuliondoka wanne, mwishoni mwa Januari 2025, siku za mwisho za Rajabu, mwezi ukiwa umekwisha na anga ni giza. (Safari iliangukia siku moja baada ya usiku wa Miraji, na baadhi ya ndugu walitulaumu kwa kutoka mjini siku hizo; mjadala wa usiku huo hatuuingii hapa.) Tulipanda gari moshi hata Nairobi, kisha gari ndogo hata Nyeri, na kutoka huko kupitia Mweiga hata Endarasha. Jina hili wengi wenu mlilisikia kwa mara ya kwanza Septemba 2024, kwa ule moto uliochukua roho za wanafunzi 21 wa skuli ya bweni. Mwenyezi Mungu awape wazazi wao subira. Ni nchi ya baridi, ya viazi na ng'ombe wa maziwa, iliyolala baina ya milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, mahali pa juu sana kutoka usawa wa bahari, na usiku hapana taa nyingi za kuupaka mbingu ukungu kama zilivyo zetu Mombasa. Mzee mmoja Mkikuyu, jirani yake kijana, alitupa nafasi katika shamba lake na jiko la makaa, wala hakutuuliza tunatafuta nini juu.

Tulifika asubuhi, na kazi yetu ya kwanza tukaikuta hapo. Nyota hutembea, kwa kuwa ardhi huzunguka. Kamera ikiachwa imesimama kwa dakika moja, kila nyota huwa mstari. Basi huwekwa juu ya chombo chenye mota, kinachoigeuza polepole kufuata mbingu, mzunguko mmoja kwa saa 23 na dakika 56. Lakini mhimili wa chombo hicho lazima uelekee sawasawa kwenye kutubu ya mbingu. Huko Ulaya watu huilenga ile nyota ya Kaskazini, ambayo manahodha wa Kiarabu waliiita Jah. Endarasha iko kusini ya Ikweta kwa kiasi kidogo mno, na huko kutubu imelala kwenye upeo wa ardhi: mhimili ulazwe karibu chini kabisa, na nyota ya kulengea imezama nyuma ya vilima. Kijana alikuwa akitumia dira, na dira, kama wajuavyo mabaharia, haionyeshi kaskazini ya kweli, na huvutwa na kila chuma kilicho karibu.

Hapa, kwa mara ya kwanza katika jambo hili, tulikuwa na kitu cha kumfaa. Tulisimika fito wima, tukachora duara kulizunguka, tukatia alama pale ncha ya kivuli ilipoingia ndani ya duara kabla ya zawali na pale ilipotoka baada yake, tukakata nafasi ile kati kwa kati. Hiyo ndiyo Duara ya Kihindi, iliyomo katika vitabu vya mikati tulivyosomeshwa tulipokuwa wadogo kwa ajili ya kibla na nyakati za sala. Mstari uliopatikana ndio kaskazini na kusini ya kweli. Kijana aliulaza mhimili wake juu ya mstari huo. Na usiku alipojaribu, nyota zilitulia kwa dakika nzima bila ya kuvutika. Alituangalia, hakusema neno. Sisi nasi hatukusema.

Baada ya Isha mbingu ilifunguka. Magharibi Zuhura iling'aa. Mushtari ilikuwa jirani na Dabarani. Mirrikhi ilikuwa mashariki, nyekundu. Na Al-Jabbari, ambaye kwa watu wa kaskazini hulala chini kando ya mbingu, kwetu alipanda wima, na ilipopata saa tatu na dakika arubaini upanga wake ulikuwa karibu ya utosi. Tulilitazama wingu kwanza kwa darubini ya macho mawili. Tuliona ukungu wa kijivu, kama pumzi juu ya kioo. Wekundu haukuwapo.

Basi nani mwongo? Jicho lina aina mbili za vipokezi: vya mchana, vijuavyo rangi, na vya usiku, viwezavyo kuona katika mwanga hafifu lakini havipambanui rangi, na wekundu ndio vinaoushindwa kabisa. Jambo hili kila mmoja wetu analijua ingawa hajalifikiri. Zianike kanga mbili juu ya paa, moja nyekundu na moja ya kijani, uzitazame chini ya mwezi: zote ni za kijivu. Wala hakuna asemaye kuwa mwezi umezifua rangi. Ibn al-Haitham wa Basra, aliyefariki Misri yapata mwaka 1040, aliweka sehemu nzima ya kitabu chake cha elimu ya kuona kwa ajili ya makosa ya jicho. Nasi tulikuwa na jina lake ndimini hali hoja yake hatukuitumia.

Kisha kijana akafungua kamera kwa sekunde sitini. Kamera yake imeondolewa kile kichujio cha kiwandani ambacho huzuia sehemu kubwa ya wekundu ule wa haidrojeni. Picha ilipotokea kwenye kioo cha nyuma, lilikuwako wingu, dogo, lenye chembechembe kama mchanga, na lilikuwa na wekundu wa waridi. Hakuna mkono uliokuwa umeigusa. Mmoja wa wenzetu, mzee aliyecheka sana kule Mombasa, aliomba aitazame tena, akaishika kamera mpaka vidole vyake vikafa ganzi.

Alikusudia picha 120. Mawingu ya mlimani yalitukatiza mara mbili, tukapata 83 zilizo safi. Alipiga pia za muda mfupi sana kwa ajili ya katikati ya wingu, kwani mwanga wa nyota zile nne ukikusanywa kwa dakika nzima huunguza picha. Na nyingine akapiga kamera ikiwa imefunikwa, ili ajue ni dosari zipi zitokazo katika kamera yenyewe apate kuziondoa. Kompyuta huzipandanisha zote, nyota juu ya nyota. Kilicho cha kweli kimo katika kila picha na huthibiti. Kilicho cha kubahatisha huwa hapa mara hii na pale mara nyingine, hivyo hupungua. Picha mia moja huifanya chembechembe ile ya uwongo kupungua mara kumi. Tulikaa nyuma yake hata karibu na alfajiri, tukimtazama afanyavyo, na kila hatua tulimuuliza: hili umelitoa wapi? Msomaji aliyesoma elimu ya Hadithi ataijua furaha tuliyoipata. Mapokezi mengi ya njia mbalimbali hutiliana nguvu, na lililo geni kwa mpokezi mmoja hujidhihirisha.

Lakini tulipoilinganisha picha hiyo na ile ya Disemba, hazikulingana. Ile ya kwanza ilikuwa na wekundu mkali zaidi, na kandokando yake palikuwa peusi tititi, ilhali hii ilikuwa na utando hafifu. Tukamuuliza. Alinyamaza kidogo, kisha akakiri kuwa aliuvuta wekundu kupita ulivyokusanywa, na kandokando alipafanya peusi, kwa kuwa picha za namna hiyo ndizo zipendezazo watu. Hakuzua umbo, hakuongeza nyota, lakini alizidisha.

Katika Hadithi jambo hili lina jina. Mpokezi akitia maneno yake ndani ya matini bila ya kubainisha, hiyo huitwa mudraj. Si lazima awe mzushi. Aghlabu alikusudia kufafanua. Lakini akibainisha, hapana lawama, na asipobainisha, wajao baada yake hawatajua mpaka uko wapi, na nukta moja itadumu karne nyingi. Kuvuta rangi si haramu wala si uwongo, maadamu husemwa. Hata picha za zile darubini kuu zilizoko angani hutiwa rangi kwa hesabu, na wenye kuzitoa huandika ni mwanga upi wameupa rangi ipi. Ila watu huisambaza picha na kuyaacha maelezo. Kijana alikubali. Nasi tulimwambia usiku ule kuwa tumemdhulumu, kwani sisi tulisema rangi haiko mbinguni, nayo iko.

Limebaki lile suala la nyota kuumbwa. Mama mmoja alituletea barua akiuliza: je, uumbaji haukwisha tangu mbingu na ardhi zilipowekwa? Twajibu kuwa kila mtoto azaliwaye leo ni kiumbe kipya, wala hakuna aliyepata kuona humo tatizo. Katika wingu hili hewa hujikusanya kwa mvuto wake yenyewe, hujibana, hupata joto, hata kitovu kifikapo mamilioni ya digrii haidrojeni huanza kuungana kuwa heliamu, na hapo nyota husimama. Jua letu lina miaka ipatayo bilioni nne na nusu na zaidi. Nyota za katikati ya wingu hili hazina hata miaka milioni chache. Picha iliyotolewa mwaka 2006 na darubini ya Hubble ilionyesha humo nyota zaidi ya 3,000, na baadhi yake zingali zimezungukwa na sahani za vumbi. Na mwanga ulioingia katika kamera ile ya Endarasha ulikuwa njiani kiasi cha miaka 1,300: uliondoka huko katika zama za Tabiina. Ama wale wanaowauzia watu "nyota" zao kwa kuku mweusi na bao, na waseme nyota zilizozaliwa baada ya vitabu vyao ni za nani.

Na asiseme mtu kuwa elimu hii ni ya wageni. Tarehe 12 Disemba 1970, kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na Malindi, kilirushwa chombo kilichopewa jina la Uhuru, nacho kilikuwa cha kwanza kutumwa angani kwa ajili ya kuichunguza mbingu kwa miale ya eksirei. Wavuvi wetu walikiona kikipanda.

Tuliporudi tulisema mbele ya watu wale wale, mahali pale pale, tuliyoyaona na tuliyoyakosea. Kijana hakuwapo, alikuwa kazini. Ametuomba jina lake tusilitaje.

Picha imechapwa katika ukurasa wa mwisho wa toleo hili, na chini yake yameandikwa mahali, usiku wa kuamkia tarehe 29 Januari 2025, idadi ya picha 83 za sekunde sitini, na neno la kuwa wekundu haukuzidishwa. Mashine yetu ina wino mweusi tu, basi mtaiona ya kijivu, kama jicho lilivyoiona. Yenye rangi imetundikwa katika chumba cha darsa. Mlango hufunguliwa baada ya Isha.